Tupeane uzoefu: nahau za Kiingereza za ofisini zilizokupiga chenga

Teacha wa Jioni
Wakuu, salaam. Nafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Magomeni. Wanafunzi wangu ni watu wa kazi: dada wa mapokezi hotelini, karani wa ghala, fundi wa lifti. Jana tulikuwa na igizo dhima, mmoja bosi, mwingine mfanyakazi mpya. Bosi akakohoa kidogo kibosi, akasoma kadi niliyompa: "My door is always open." Mfanyakazi akautazama mlango, akanyanyuka, akaufunga taratibu, akarudi kukaa. "Sorry, sir. Kiyoyozi."

Darasa zima hoi. Mimi nilicheka kidogo tu, maana yalishanikuta. Kazi yangu ya kwanza, pale Posta, nilikuwa naandika mihtasari ya vikao. Bosi akasema "let's call it a day", watu wakafunga madaftari, mimi nikaandika kwamba kikao kimeazimia kuiita siku, jina litatajwa baadaye. Muhtasari ukaja kusomwa mbele ya watu kumi na wawili.

Haya, tiririkeni.

Mwana Mbagala
Jina litatajwa baadaye 😂😂 Na leo ndiyo wewe unayefundisha wenzako!

Karani Mstaafu
Mimi ni "at the eleventh hour". Bosi wangu, Mwingereza mpole kabisa, aliniambia nisimletee ripoti "at the eleventh hour". Nikamwelewa vizuri sana. Siku ya mwisho nikaifikisha saa kumi na dakika hamsini jioni, nahema, nimepanda ngazi ghorofa sita kwa sababu umeme umekatika. Nikamwambia kwa kujiamini, bado dakika kumi, mzee. Hakunielewa, na mimi sikuelewa kwa nini hafurahi. Imepita miaka ndipo nikajua hiyo saa yao ni lala salama, muda ukiwa karibu kwisha kabisa.

Mama Kontena
Kwa saa zetu ulikuwa sahihi kabisa 🙌

Mtu wa Mradi
Kuna mradi tulikuwa na Mwingereza na Mmarekani ofisi moja. Kikao cha bajeti, Mmarekani akasema "let's table this". Mwingereza akafungua faili, Mmarekani akafunga lake. Kumbe kwa Mwingereza maana yake tulijadili sasa hivi, kwa Mmarekani tuliweke kando. Wakabaki wanatazamana. Waswahili watatu tuliokuwepo tulishusha pumzi: kumbe hata wenyewe!

Sumu ya Panya
Hivi sisi tuna shida gani? Mzungu akija hapa nani anamfundisha "kutumbuliwa", "kupigwa chini" na "kula kona"? Hiyo "red tape" yao sisi tunaita "njoo kesho", na tunaelewana. Watu wazima mnajifungia usiku mnaigiza kama chekechea.

Dada wa Mapokezi
Wewe mgeni akikwambia bafu "is acting up", yaani linasumbua, utamjibu kutumbuliwa? Tuache tutafute ugali.

Mwana Mbagala
Sekondari miaka minne, karibu kila somo kwa Kiingereza, na bado tuna Kiingereza cha kuombea maji. Nani alaumiwe?

Sumu ya Panya
Walimu.

Teacha wa Jioni
Hapo tusianze.

Zamani Gerezani
Nimeusoma uzi huu nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, nikasema sichangii. Nimeshuka Kimara, nimekaa kibarazani, naandika.

Nilikuwa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Mimi ndiye niliyeonekana najua Kiingereza, yaani nilikuwa na nafuu. Bosi mgeni, Kiswahili chake kiliishia "asante" na "pole pole". Tulikuwa na dereva, mtu mzima, kwao Muheza. Alikuwa ameomba ruhusa mwisho wa mwezi akamwoze binti yake. Nikalipeleka ombi. Bosi akavua miwani, akaiweka mezani, akasema, nakumbuka neno kwa neno: "We'll have to let him go at the end of the month." Akanipa na bahasha.

Mimi nikasikia aende. Mwisho wa mwezi. Nikashuka ngazi mbio, nikamkuta anafuta kioo cha gari kwa gazeti. Nikamwambia mzee, mambo safi, bosi kakubali, ruhusa yako hii hapa kwa maandishi. Akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Aifungue ya nini, na msomaji wa Kiingereza ndiye mimi niliyekwisha mwambia?

Akapanda juu kushukuru, mimi nyuma natafsiri. Alimshika bosi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwombea dua yeye na watoto wake. Bosi akawa mwekundu, akageukia dirishani. Nikadhani kaguswa. Akatoa elfu hamsini mfukoni mwake akampa. Kule chini mzee akaniambia, mzungu huyu ni mtu.

Mwezi ulipoisha akaenda. Akarudi baada ya wiki mbili na gunia la machungwa la ofisi nzima. Funguo za gari alizikuta mkononi mwa kijana mwingine.

Mwana Mbagala
Mkuu usituache hapo, arosto mbaya.

Sumu ya Panya
Chai hii. Mafao hakuyaona? Mtu apokee hela nyingi kuliko mshahara asiulize?

Zamani Gerezani
Ningependa iwe chai. Aliuliza. Aliniuliza mimi. Nikamwambia huo utakuwa mchango wa harusi.

Wakili wa Uswazi
Ngojeni kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya maandishi yenye sababu, na kwa anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28. Barua alipewa lini? Na kama aliona kaonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka malalamiko ya kuachishwa yafike ndani ya siku 30. Alivyokuwa anakata keki kule Muheza siku zilikuwa zinahesabika.

Zamani Gerezani
Alipewa tarehe 2, siku zilitimia. Hakwenda popote. Hakunigombeza pia. Aliitoa ile bahasha, ikiwa bado na mikunjo yake, akaniomba nimsomee. Pale pale getini.

Mama Kontena
Daah. Pole.

Dada wa Mapokezi
Ndiyo maana mimi nisichoelewa nauliza, mtu anune asinune.

Karani Mstaafu
Ofisi zetu za zamani ukiuliza wewe ni mbumbumbu. Tabasamu, andika, kaulize nje.

Mwana Mbagala
Utabasamu huku unafukuzwa? Mimi somo langu ni moja: bosi akivua miwani, hiyo si ruhusa.

Teacha wa Jioni
Zamani, pole sana ndugu yangu. Ukiridhia nitaiingiza darasani, bila dalili ya mtu wala kampuni.

Na wewe Sumu ya Panya, ndiyo maana tunaigiza. Orodha ya nahau hamsini mtu anaikariri na kesho kaisahau. Natoa tatu kwa jioni, basi. Na mwenye kazi ngumu si bosi anayesoma kadi. Ni yule anayetakiwa kumkatiza aseme, "Sorry, let him go where?" Hapo watu wazima wanatoka jasho, kwa sababu tumelelewa mkubwa akisema unaitika. Kwa hiyo nawapindua: mlinzi anakuwa bosi, mhasibu anakuwa tarishi, na asiyeuliza anarudia igizo mwanzo mpaka aulize.

Zamani Gerezani
Nilijaribu darasa kama hilo baadaye, la mtu mwingine. Kadi iliyoniangukia ilikuwa hiyo hiyo. Nikasema tumbo linauma, nikaondoka.

Sumu ya Panya
Basi mimi nimenyamaza. Na machungwa?

Zamani Gerezani
Aliyaacha kwa mlinzi. Hakuna aliyeyagusa mpaka yakanywea.

Mama Kontena
Mwalimu, Jumamosi mpo? Nina kijana wangu yupo bandarini.

Teacha wa Jioni
Tupo. Aje saa nne.

Karani Mstaafu
Saa nne ipi?