Nina miaka 25, nataka kuongoza okestra na opera. Kiwanja kiuzwe?

Kinanda cha Tabata:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa kwaya parokiani hapa Dar. Kinanda napiga tangu sekondari, nota nasoma, na gredi ya 5 ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ninayo. Mjomba amekubali kuuza kiwanja chake nikasomee uongozaji wa okestra Ulaya, mimi hasa nautaka wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa. Mama hataki hata kusikia. Je, kazi ipo kweli, au nitarudi palepale kufundisha zaburi? Matusi hapana.

Mkulima Msomi:
Dogo, msikilize mama. Okestra ina watu 80, mwongozaji mmoja. Hesabu hiyo haihitaji gredi.

Alto wa Köln:
Mdogo wangu, mimi naimba kwaya ya opera huku Ujerumani. Mwambie mjomba asubiri. Vyuo vingi vya muziki vya umma huku havitozi ada, ingawa vipo vinavyowatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, Leipzig kimojawapo. Kitakachokutesa ni chumba, chakula, na pesa ya kuonyesha ubalozini wakati wa viza.

Ila kabla ya hayo kuna usaili. Unakalishwa kwenye piano, unawekewa partitura ya okestra nzima, yaani nota za vyombo vyote kwenye ukurasa mmoja, unaambiwa piga. Klarineti ya B-flat ikiandikiwa nota ya C inatoa B-flat. Honi ya F inasikika chini zaidi ya ilivyoandikwa, viola ina klefu yake, ile alama ya mwanzo wa mstari inayosema nota zisomwe vipi. Yote hayo uyageuze kichwani huku vidole vinatembea. Gredi ya 5 hapo haifiki, nakwambia kwa upendo.

Kazi ipo. Ujerumani ina majumba ya opera ya umma kama 80, ndiyo maana Wakorea na Wajapani wamejaa hapa. Ila fimbo haupewi mlangoni. Wengi huanzia kwenye piano ya mazoezi: mpiga piano huyo anapiga sehemu ya okestra yote peke yake, anaimba mistari ya muimbaji ambaye hajafika, na usiku wa onyesho anatuongoza sisi wa nyuma ya jukwaa akimtazama mwongozaji mkuu kwenye televisheni ndogo. Georg Solti, mwongozaji maarufu, aliingia opera ya Budapest kwa kazi hiyohiyo mwaka 1930, akaja kuongoza Figaro, opera ya Mozart, 1938. Alikuwa na miaka 25, kama wewe, ila piano alikuwa ameila miaka minane.

Fidla ya Nairobi:
Naongezea. Kwaya imekariri, ukikosea mkono itakuvusha. Wapiga vyombo wanasoma. Jaribu Simfoni ya 5 ya Beethoven: inaanza na kimya kifupi kabla ya zile nota tatu, na mkono ukilegea hapo kila mtu anaingia kivyake. Vyuo vingi vinataka video yako ukiongoza, kwa hiyo tafuta watu hata kumi, fidla na filimbi, usimame mbele yao. Ukija Nairobi, nenda kakae kwenye mazoezi ya Nairobi Orchestra, hata Ghetto Classics, mradi wa muziki wa vijana kule Korogocho.

Na umri usikutishe. Armand Diangienda alikuwa rubani, akaanzisha okestra ya kanisa la Wakimbangu pale Kinshasa mwaka 1994.

Mkulima Msomi:
Rubani ana pa kurudi. Huyu ana zaburi.

Alto wa Köln:
Mkulima, zaburi zinalipa bili za wengi huku. Wapiga ogani wa makanisa wana mishahara.

Kinanda cha Tabata:
Asante sana dada zangu. Mjomba nimempigia, kiwanja hakiuzwi kwanza. Partitura nianze na ipi?

Alto wa Köln:
Kwarteti za Haydn. Mistari minne tu, na klefu ya viola utaizoea humo. Zipo bure IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni. Zichapishe, usisomee kwenye simu. Kijerumani nacho anza wiki hii.