Mrejesho: Maporomoko ya Sol Duc pamoja na mama

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo mama yangu, ambaye magoti humsumbua, angeweza kutembea hadi maporomoko ya Sol Duc katika Hifadhi ya Taifa ya Olympic, jimbo la Washington, nanyi mkanishauri tuanzie mwisho wa barabara, ambako kwenda ni kilomita 1.3 tu, badala ya kufuata mzunguko wa takriban kilomita 9 unaoanzia karibu na chemchemi za maji moto.

Ushauri huo ulitufaa sana. Njia ni pana, ingawa mizizi iliyolowa huteleza, na mkongojo mlioupendekeza ulimsaidia mama kuliko viatu vya bei mbaya nilivyomnunulia. Kilichotuchelewesha ni msitu wenyewe: juu ya gogo moja lililooza na kufunikwa na kuvumwani, miche ya misonobari ilikuwa imeota kwa mstari, mizizi yake ikilizunguka gogo hilo kuutafuta udongo.

Mto hugawanyika katika mikondo mitatu au minne kabla ya kutumbukia takriban mita 15 korongoni, na pale darajani manyunyu yalitufikia, kwa hiyo bebeni makoti ya mvua hata jua likiwaka. Mzunguko mrefu nitautembea mwezi Septemba, bila mama.