Oili chafu kuwa dizeli: niweke milioni 4 au nikimbie?

Fundi_Nyakato: Wakuu, salaam. Nina gereji hapa Nyakato, Mwanza. Oili chafu imejaa mapipa 12, na wanaoninunua ni wale wa kupaka mbao zisiliwe na mchwa, bei ya bure. Kuna jamaa kanifuata, anachemsha oili na udongo mweupe kwenye pipa lililofungwa, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa majini, inatoka dizeli. Kanionyesha chupa, imefanana na chai ya rangi, inanuka balaa ila inawaka. Anataka nichangie milioni 4, tuwauzie wenye mashine za kusaga Sengerema. Nishaurini.

Mtu_wa_Mwaloni: Huo ni mtambo wa gongo umebadilishiwa jina 😂

Kemia_Kirumba: Usicheke, mkuu, sayansi yenyewe ipo. Mfaransa Eugene Houdry alianza na udongo kama huo huo, na miaka ya 1930 Marekani wakawa wanapata petroli kwa njia yake. Molekuli ndefu za mafuta mazito zinakatika zikigusa kichocheo, yaani huo udongo unaoharakisha kukatika, kwenye nyuzi 500 na ushee. Kasheshe ni masizi: ndani ya sekunde chache tu yameziba vitundu vya kichocheo. Ndiyo maana tangu 1942, kule Baton Rouge, Marekani, kichocheo ni unga unaotiririka kama maji. Unatoka kwenye mafuta, unaingia chombo cha pili, masizi yanachomwa kwa hewa kwenye nyuzi kama 700, unarudi umebeba joto la kuendeshea kazi yote. Sasa muulize jamaa yako, udongo wake ukishakuwa mweusi anaufanyaje?

Fundi_Nyakato: Nimempigia. Anasema anaumwaga, anaweka mwingine.

Kemia_Kirumba: Basi hapo amebaki na kuchemsha tu. Halafu oili ya injini ina zinki, kalsiamu na fosforasi, vyote sumu kwa kichocheo.

Dada_wa_Igoma: Anaumwaga wapi? Mvua ikipiga, mtaro unaingia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani.

Fundi_Nyakato: Lakini mbona ile chupa inawaka vizuri?

Kemia_Kirumba: Hapo ndipo pa kuogopa! Molekuli zikikatika hazichagui, inatoka petroli humo humo na dizeli. Mvuke wake unadaka moto hata kwa joto la mchana wa kawaida, na mtu kaweka dumu karibu na jiko la mkaa. Hata ukiitenga petroli, dizeli ya namna hii inachelewa kujiwasha, injini inagonga, na ikikaa inafanya gundi kwenye nozeli. Mwenye mashine atamtafuta nani? Wewe mwenye gereji. Na kuuza mafuta bila leseni ya EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, ni kesi nyingine.

Mtu_wa_Mwaloni: Ile chupa usilale nayo ndani, kaka.

Fundi_Nyakato: Nimeitoa nje. Jumamosi naenda kuliona hilo pipa, ila simu yenye hela naiacha kwa mama watoto.