Sleep na Black Sabbath: ile albamu ya 1992 ni wizi au urithi?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Kila ikitajwa stona roki (roki nzito ya taratibu inayosifia bangi) lazima atokee mtu aseme bendi ya Sleep waliiba kila kitu kwa Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, mimi hilo silikubali na leo naomba tulijadili kwa hoja. Albamu inayosemwa ni Sleep's Holy Mountain ya 1992, vijana watatu wa San Jose, California, Matt Pike gitaa, Al Cisneros besi na sauti, Chris Hakius dramu. Walituma kama demo tu (rekodi ya majaribio) kwa lebo ya Earache kule Uingereza, lebo ikaitoa vilevile ilivyokuja.

Kwamba wanadaiwa na Sabbath hiyo wala haina ubishi, weka albamu ya Sabbath, Master of Reality ya 1971, halafu weka hii uone. Gitaa limeshushwa tyuni mpaka nyuzi zinalegea, besi inatembea sambamba na gitaa, mwendo wa taratibu mzito, bangi inasifiwa bila kificho (Sweet Leaf ya Sabbath inaanza na kikohozi, anayekohoa ni mpiga gitaa wao Tony Iommi mwenyewe), hata kile kipande kifupi cha gitaa kavu, Some Grass, kimewekwa katikati ya makelele kama Sabbath walivyoweka Orchid. Yaani wamesoma darasa lote na hawajaficha mwalimu ni nani.

Lakini kudaiwa na kuiba ni vitu viwili. Bendi ya Led Zeppelin 1969 walitoa Whole Lotta Love yenye maneno yaliyotoka kwenye You Need Love, wimbo wa Willie Dixon aliouimba Muddy Waters 1962, na jina la Dixon halikuwepo, mzee akaenda mahakamani 1985, wakamalizana nje ya mahakama 1987. Huo ndio wizi ninaoujua mimi. Sleep walipotaka kupiga wimbo wa Sabbath waliupiga kwa jina lake, Snowblind, kwenye albamu ya Earache ya kuwaenzi Sabbath, na kila mtu alijua wimbo ni wa nani. Sasa kosa liko wapi?

Mchangiaji:
Mkuu umejenga hoja ila nakupinga. Ile sauti haikuokotwa barabarani. Iommi akiwa na miaka 17 kwenye kiwanda cha bati Birmingham mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo ni vidole vile vile vya kubania nyuzi!! Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akajitengenezea vifuniko, akahangaika kutafuta nyuzi nyembamba, mpaka kufika hiyo Master of Reality akashusha tyuni nusu toni tatu nyuzi zilegee apate nafuu. Miaka 20 baadae watu wanachukua matokeo ya maumivu yale bure kabisa. Na usiniambie sauti haina mwenyewe, 2015 baraza la mahakama kule Los Angeles liliamua wimbo wa Blurred Lines wa Robin Thicke na Pharrell umemkopi Marvin Gaye, na familia yake ikalipwa mamilioni ya dola, wakati wengi waliona kilichofanana zaidi ni ile hali ya wimbo tu.

Mleta mada:
Hiyo ya vidole naiheshimu sana, na nakubali bila ajali ile huenda muziki huu usingekuwepo hivi tunavyoujua. Ila hukumu ya Blurred Lines ukiifuata mpaka mwisho inamgeukia Iommi mwenyewe. Sabbath walianza kama bendi ya bluzi wakijiita Earth, albamu yao ya kwanza 1970 ina Evil Woman ya bendi ya Crow na Warning ya Aynsley Dunbar, na kabla yao Blue Cheer wa San Francisco 1968 walishapasua spika kwa makelele yale yale. Nyuma ya wote hao kuna wanabluzi weusi wa Mississippi na Chicago waliokufa wengine hawana kitu. Kama uzito na mwendo wa muziki unalipiwa basi hundi ya kwanza haiendi Birmingham, inaenda huko, na mimi ningefurahi sana iende.

Halafu angalia Sleep walifanya nini na walichorithi. Walisaini na London Records, wakachukua hela, wakarekodi wimbo mmoja tu, Dopesmoker, zaidi ya saa nzima, rifu (kile kipande kifupi cha gitaa kinachobeba wimbo) inajirudia inajirudia inasogea kidogo kidogo mpaka unaanza kusikia vitu ambavyo dakika ya tano hukuvisikia. Lebo ikakataa kuutoa, bendi ikavunjika, toleo moja likaja kutoka 1999 kwa jina la Jerusalem na lile refu la dakika 63 likatoka 2003. Sabbath pamoja na ukubwa wao wote hawajawahi kurekodi kitu kama hicho.

Kwa hiyo mkuu nakuomba kitu kimoja tu, nitajie rifu moja ndani ya Holy Mountain, dakika na sekunde, na wimbo wa Sabbath ilikotolewa, nitaweka zote mbili nisikilize leo leo usiku.