Presha ikishuka ICU, ni lazima dripu?

Mtoa mada: Wakuu, mimi ni nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Mashine zetu zinapima presha zenyewe kila dakika 15. Ikisoma 80 kwa 50 kengele inalia, na mkono wa kwanza unaenda kwenye dripu. Nusu lita, halafu nusu nyingine. Nasema kengele itulete kitandani, isituamulie maji. Lusaka, Zambia, walilifanyia utafiti kwa watu wazima wenye sepsisi (maambukizi yanayovuruga mwili mzima) na presha iliyoshuka, matokeo yakatoka 2017: waliowekwa kwenye utaratibu wa maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha walifariki 48.1%, wa huduma ya kawaida 33%. Na maji yakijaa mapafuni mgonjwa huenda akahitaji ventileta, mashine ya kupumulia, nazo tunazihesabu kwa vidole.

Daktari wa zamu: Nesi, usiwatishe watu. Mgonjwa wa kipindupindu ukimcheleweshea maji anakufia mikononi. Na ule utafiti wa FEAST wa 2011 unaotajwa kila mara, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, vifo takriban 10.5% kwa waliomiminiwa maji haraka na 7.3% kwa wasiomiminiwa: wenye presha iliyoshuka sana hawamo kwenye hesabu hiyo.

Mtoa mada: Hilo nakubali daktari, ndiyo maana nikaanza na Lusaka. Wa kipindupindu simbishii. Macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi. Hapo umemtazama mgonjwa, si kioo cha mashine.

Fundi wa vifaa tiba: Niongeze. Mashine hiyo ya presha inasoma mtikisiko wa mshipa chini ya kafu, ule mkanda unaofungwa mkononi, na kupata presha ya wastani. Ya juu na ya chini inazikokotoa. Kafu kubwa kwenye mkono mwembamba inasoma chini kuliko ukweli. Nimekuta wodi yenye kafu za saizi moja tu. Mgonjwa akitetemeka kwa homa, namba zinaruka.

Daktari wa zamu: Sawa, lakini usiku nesi mmoja ana wagonjwa sita. Nani atamzungukia kila mmoja?

Mtoa mada: Mimi. Nabonyeza kucha, nahesabu mpaka damu irudi; zikipita sekunde tatu nakuamsha. Nasikiliza mapafu, naangalia mfuko wa mkojo. Mwaka jana tulimtundikia mzee mmoja aliyekonda lita tatu. Tulipombadilishia kafu, presha ya juu ikasoma 118. Mapafu yalikuwa yameshajaa.