Dawa zimeisha, miadi bado

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za Jumapili.

Nimehamia Leicester, England, kutoka Glasgow, Scotland, mwezi huu. Natumia venlafaksini, dawa ya sonona, miligramu 150, mwaka wa pili sasa. Kliniki mpya imenipa miadi ya tarehe 19, na kidonge cha mwisho nilimeza Alhamisi. Leo nikigeuza macho tu kichwa kinapiga shoti, kama nimegusa waya. Jasho, kichefuchefu, usingizi hakuna, na jana nililia kisa ugali umeungua. Ndiyo ugonjwa umerudi? Au nivumilie tu, niachane nazo kabisa?

---

Marahaba mdogo wangu. Usivumilie! Mimi si daktari, ila njia hiyo nimeipita. Zile shoti ni za kukatisha dawa ghafla. Venlafaksini hutoka mwilini upesi, ndiyo maana siku tatu tu unaona mambo haya. Fluoksetini, nayo dawa ya sonona, hukaa wiki kadhaa, kwa hiyo usijilinganishe na mtu aliyeacha hiyo bila shida.

Piga 111, simu ya ushauri wa afya ya NHS, leo hii, useme dawa yako ya kila siku imeisha. Watakuelekeza famasia inayoweza kukupa za siku chache bila cheti kipya. Beba boksi tupu lenye jina lako na dozi. Faili lako la Glasgow usitegemee kuwa limeshafika. Mwambie mfamasia umekosa siku ngapi, naye akuambie uanzie wapi. Usimeze mbili kufidia. Na chukua hela: Scotland dawa ni bure tangu 2011, huku England tunalipia.

Kuacha kupo, lakini kwa kushushwa dozi kidogo kidogo na daktari. Mimi ilinichukua miezi mitano, na mama kule Tanga akisema nimerogwa.

---

Naongezea kwa wanaotumia diazepamu au alprazolamu, dawa za kutuliza wasiwasi: hizo ukikatisha ghafla unaweza kupata degedege. Usisubiri miadi. Na mawazo ya kujidhuru yakija, 111 halafu bonyeza 2. Hali ikiwa mbaya, 999, simu ya dharura.

---

Dada, asante. Nimepata za siku tano. Mfamasia alikagua lile boksi, ambalo nilikuwa nimeshalitupa kwenye taka za karatasi, nikalifukua mbele ya jirani. Kesho saa mbili asubuhi naipigia kliniki, niombe wanipigie simu kabla ya tarehe 19.