Fundi, nani alikutuma uweke breka ya ampia 32 kwenye waya wa taa?

Wakuu, mnivumilie, naandika nikiwa na hasira. Usiku wa kuamkia juzi nusura mama yangu aungue kitandani, na chanzo ni watu watatu ambao kila mmoja aliniambia "hakuna shida".

Nipo Moshi, Pasua, nimepanga. Anayeijua Moshi ya mwezi wa pili hataniuliza AC ya nini. Wenzetu wa Arusha wako juu kule, usiku wanavuta blanketi. Sisi theluji ya mlima tunaiona kwa macho tu, chumbani bati limekunywa jua kutwa nzima na saa nne usiku bado linatema joto. Mama ana presha, ametoka kulazwa, tukaambiwa asikae kwenye joto kali. Feni ilikuwa inazungusha joto lile lile. Nikajichanga, nikanunua AC ya dirishani ya mtumba, BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza), kwenye duka moja hapa mjini. Muuzaji nilimuuliza: "Kaka, hii haihitaji laini yake, waya wa peke yake toka mainswichi?" Akasema, "Dada, chomeka tu, ni kama friji."

Si kama friji! Friji ya kawaida ya nyumbani inakula wati 150 hivi. Kibati cha AC yangu kimeandikwa wati 1,900, ampia 8.6. Na hizo ni za ikiwa imeshatulia. Kompresa, ile pampu ya gesi ndani ya AC, inapoamka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Mtu anayeuza vitu hivi kila siku hajui hilo? Anajua. Ila akisema, nitahesabu gharama ya laini mpya na sitanunua.

Fundi akaja. Soketi iko mbali na dirisha, akaniagiza nilete ekstensheni. Nikaleta ile ya dukani iliyoandikwa 13A kichwani. Juzi nimeukata waya wake: ndani ni nyuzi chache kama za waya wa redio, unene wa milimita za mraba 0.75 hivi, waya ambao haupaswi kubebeshwa zaidi ya ampia 6. Plagi yake haina hata fyuzi. Waya uliobaki akauviringisha vizuri kama kamba, akausukuma chini ya kitanda. Waya wenye mzigo ukiviringishwa joto halina pa kutokea, unajipika wenyewe.

Plagi ya AC ilikuwa ya pini mbili nene za duara, haiingii. Akaomba kalamu, akaichomeka tundu la juu ili vile vijipazia vya ndani vifunguke, akaisukumiza plagi. Najua wengi tunafanya hivyo kwa chaja za simu. Lakini lile tundu la juu ni la ethi, wakuu, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. AC ni sanduku la chuma linalotoa maji. Bila ethi, waya wa moto ukigusa bodi, bodi lote linakuwa na umeme na breka haistuki, inasubiri mtu aguse. Wiki ya kwanza nikifuta vumbi nilikuwa nahisi vidole vinachezacheza. Nikampigia. Jibu lake: "Huo ni umeme wa kawaida dada, vaa ndala."

VAA NDALA. Kwa mgonjwa wa presha.

Sasa nije kwenye breka, maana ndiyo iliyonileta hapa. Mainswichi yetu ilikuwa na breka ya ampia 16, swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, upande wa soketi. Jioni nikiwasha jiko la koili la wati 2,000, mdogo wangu akapiga pasi, na AC inatembea, baada ya dakika kadhaa inakata. Pigeni hesabu kwa volti 230: AC 8.6, jiko 8.7, pasi ya wati 1,200 inakuja 5.2. Jumla 22.5. Breka ilikuwa inafanya kazi yake. Fundi akaiangalia akasema, "Hii ndogo, inakusumbua bure." Akaichomoa, akaweka ya 32, akachukua elfu kumi na tano yake. Kweli haikukata tena. Nilimshukuru.

Breka haikuwekwa pale kuilinda AC. Inaulinda waya uliozikwa ukutani. Na waya wa soketi za nyumba hii, mzee mmoja jirani ambaye amefanya umeme maisha yake yote ameufungua mbele yangu, ni wa milimita za mraba 1.5. Waya wa taa! Aliyejenga alibana hela mahali ambapo plasta inaficha. Waya huo ukiwa ndani ya paipu unavumilia ampia 14 hadi 17 hivi, inategemea ulivyolazwa. Ukiweka breka ya 32 umemwondoa mlinzi getini. Kinachoniuma zaidi, joto la waya halipandi polepole: ampia zikiwa mara mbili, joto linalozalishwa ni mara nne.

Usiku huo umeme ulikatika mara moja ukarudi saa hiyo hiyo. Kompresa ikizima inatakiwa kupumzika dakika tatu au zaidi ili presha ya gesi ishuke, ndipo iamke. Hii ikalazimishwa kuamka papo hapo, na umeme wenyewe umerudi mdogo. Ikawa inanguruma bila kuzunguka. Kompresa iliyokwama namna hiyo inavuta mara nne au zaidi ya kawaida yake. Mara nne ya 8.6 ni 34. Breka ya 16 ingekuwa imekata ndani ya dakika moja hivi. Ya 32 kwa ampia 34 inakaa kimya kabisa, ndivyo ilivyotengenezwa.

Mama ndiye aliyeniamsha. "Mwanangu, kuna kitu kinanuka kama ndoo inaungua." Niliposhika ukuta juu ya soketi niliondoa mkono. Chini ya kitanda ekstensheni ilikuwa imeyeyuka na kushikana na zulia la plastiki, moshi unapanda kwenye godoro alilolalia. Nikakimbilia mainswichi. Tulikaa barazani mpaka adhana ya alfajiri, mama amejifunga khanga mbili, anatetemeka, na mimi sina cha kumwambia.

Asubuhi nikampigia mama mwenye nyumba. "Nyumba ina miaka kumi, haijawahi kuungua." Hiyo ndiyo pole niliyopata. Laini mpya nimelipia mwenyewe: waya wa 2.5 moja kwa moja toka mainswichi hadi dirishani, breka yake ya 20 aina ya C inayovumilia ule mshtuko wa kuwasha, swichi yake pembeni, plagi ya ekstensheni marufuku, ethi imepimwa kwa mashine na si kwa macho, na gadi ya AC inayochelewesha umeme ukirudi. Soketi nyingine zimerudishiwa 16 mpaka waya wake ubadilishwe. Na ndani ya boksi kuna ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, yenye kitufe cha T. Kumbe ilikuwepo, imerukwa na waya ili "isisumbue". Sijui nani aliiruka.

Mafundi wa kufunga umeme wanapewa leseni na EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, kwa madaraja. Mwombeni fundi awaonyeshe kabla hajagusa bisibisi. Mimi sikuomba, kwa sababu alikuja na mkanda wa vifaa kiunoni na aliongea kwa kujiamini.

NAONGEZA: mkuu uliyeuliza kama AC ya shemeji yako iliyotoka Marekani inaweza kuchomekwa huku, angalia kibati kabla ya yote. Kama ni volti 115 ukiichomeka huku inakufa palepale, na ushukuru kama haijaondoka na kitu kingine. Itataka transfoma kubwa, na bado motor ilitengenezwa kwa hetzi 60, huku kwetu ni 50, itazunguka taratibu na kuchemka zaidi. Iuze.

Na wewe unayesema nimeandika kirefu kwa ajili ya breka ya elfu kumi na tano: mama yangu bado hataki kulala chumba kile. Analala sebuleni na mlango wazi.

Fundi, kama unapita humu, ile breka ya 16 uliyoiweka mfukoni ukaondoka nayo, usimfungie mtu mwingine ukimwambia ni mpya. Na nyumba nyingine ulizoweka 32, unazijua. Rudi ukazitoe.